Dawa Inayopita Ngozini: Mwani, Faluda na Plasta ya Mama Mkubwa

(Mada iliyotolewa kwa vijana baina ya Alasiri na Magharibi, kumi la kwanza la Ramadhani. Imeandikwa kama ilivyosemwa, ila imepunguzwa kidogo.)

 

 Mwenyekiti aliniomba nizungumzie dawa na saumu. Nikamwambia mada hiyo ni bahari, na mimi ni mfamasia, si sheikh, basi anipe kijito kimoja nivuke. Kijito nilichochagua ni hiki: dawa isiyomezwa wala kudungwa, inayobandikwa juu ya ngozi ikaingia mwilini yenyewe. Na ndani ya hapo nataka niwaonyeshe kitu kimoja ambacho wengi wenu mtakila leo magharibi bila kujua kwamba maabara kubwa za dunia zinakichezea usiku na mchana.

Lakini kwanza nianze na nyumbani kwetu, manake huko ndiko nilikojifunza.

Mama mkubwa wangu ana maradhi ya moyo, yale ya kifua kubana mtu akipanda ngazi au akibeba mzigo. Daktari alimwandikia plasta ya nitrogliserini. Anabandika asubuhi kifuani au begani, anabandua usiku akilala. Miezi ikapita, hali nzuri. Ikaja Ramadhani. Jirani mmoja akamwambia, "Hiyo plasta si inaingiza dawa mwilini? Basi si umefungua?" Mama mkubwa hakuuliza mtu. Hakuniuliza hata mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea zile plasta! Akageuza saa zake mwenyewe: akawa anabandika baada ya futari na kubandua wakati wa daku. Na kwa vile aliona ile plasta bado "ina nguvu", akawa anairudia ile ile siku ya pili.

Siku ya sita alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kikapu cha sokoni, saa tisa za mchana. Hakufika juu. Alikaa chini katikati ya ngazi, jasho linamtoka, mkono wa kushoto mzito. Alhamdulillahi watoto wa jirani walimwona. Tulipofika hospitali, muuguzi akauliza swali moja tu: "Plasta yake iko wapi?" Tukaja kuikuta nyumbani, imebandikwa upande wa ndani wa mlango wa kabati kama stika ya mtoto wa shule.

Alipona. Nilipomuuliza, "Mama mkubwa, mbona hukuniambia?" akanijibu, "Mwanangu, wewe ungeniambia nisifunge." Hapo nikanyamaza, kwa sababu kweli, watu wengi wanatukimbia sisi wa dawa kwa kuwa jibu letu la kwanza huwa ni hilo.

Sasa, upande wa dini, hili si swali jipya. Majma' al-Fiqh al-Islami, baraza la wanavyuoni lenye makao Jeddah, lilikaa kikao chake cha 10 mwaka 1997 na kulizungumzia pamoja na madaktari. Katika azimio namba 93 walitaja orodha ya vitu visivyobatilisha saumu. Ndani yake mna vile vinavyofyonzwa na ngozi: mafuta, marhamu, na plasta za tiba zenye dawa. Sindano za tiba pia zimo, za ngozi, za msuli na za mshipa, isipokuwa zile za lishe. Mimi nanukuu tu nilichosoma. Masheikh wetu wamo humu, na mwenye suala la fatwa awaulize wao, asimuulize jirani.

Tukirudi kwenye dawa yenyewe. Kwa nini mtu apewe plasta badala ya kidonge? Nitrogliserini ukiimeza, inatoka tumboni inapita kwenye ini kwanza, na ini linaivunja karibu yote kabla haijaufikia moyo. Ndiyo maana huwekwa chini ya ulimi au juu ya ngozi: inaingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza. Faida ya pili ni kwamba plasta inatoa dawa polepole, kwa kiasi kile kile saa baada ya saa, wakati kidonge hupandisha dawa kwa ghafla kisha ikashuka.

Plasta ya kwanza ya namna hii kuidhinishwa Marekani ilikuwa mwaka 1979, ya skopolamini, kwa wanaotapika safarini. Inabandikwa nyuma ya sikio. Za nitrogliserini zikafuata miaka ya themanini mwanzoni, kisha ya fentanili kwa maumivu makali mwaka 1990, na ya nikotini kwa wanaotaka kuacha sigara mwaka 1991. Lakini ukizihesabu dawa zote zinazotolewa kwa njia hii utaona ni chache mno ukilinganisha na vidonge. Kwa nini?

Kwa sababu ngozi ni ukuta. Hebu fikirieni kuta za nyumba za zamani za Mji wa Kale: mawe ya matumbawe na chokaa katikati. Tabaka la juu kabisa la ngozi liko hivyo hivyo. Mawe ni seli zilizokufa, kavu, bapa, zimepangwa moja juu ya nyengine. Chokaa ni mafuta yaliyojaa katikati yake. Unene wa tabaka hilo sehemu nyingi za mwili ni maikromita 10 hadi 20, yaani mara kadhaa chini ya unene wa karatasi ya daftari. Lakini ndilo linalozuia maji yako yasikauke, na ndilo linalozuia dawa isipite.

Wataalamu wawili, Bos na Meinardi, waliandika mwaka 2000 kanuni ambayo sote tunaitumia: molekuli ikizidi uzito wa daltoni 500, kupita ngozi nzima ni kazi ngumu sana. Nikotini ina 162. Nitrogliserini 227. Skopolamini 303. Hizo zinapenya. Insulini ina takriban 5,800! Hiyo ni sawa na kumwambia ngamia apite mlango wa paka.

Ndiyo nasema, na nataka ndugu zangu mlioko nyuma mnisikie: kuna watu wanauza plasta wakidai zinashusha sukari, eti mtu aache sindano. Hadi leo hakuna plasta ya insulini isiyo na sindano ambayo mgonjwa anaweza kwenda kuinunua dukani kwa tiba ya kawaida. Mzee wako akiletewa kitu hicho mtandaoni au mlangoni, mwambie abaki na sindano yake. Mtu wa sukari wa aina ya kwanza akiacha insulini, hesabu ni ya siku, si ya miezi.

Haya, sasa nimefika kwenye faluda.

Nani hapa hali faluda? Hakuna. Mama anachukua zile nyuzi nyeupe tunazoziita chaina grasi, anazichemsha kwenye maziwa na sukari na hiliki, anamimina kwenye sahani, na ikipoa inaganda, inatingishika. Zile nyuzi ni agari, na agari ni mwani wa baharini. Kitu kidogo tu kimeshika maziwa mengi yakasimama wima. Na vile vijimbegu vyeusi vya tukmaria mnavyovitia kwenye sharbati, vikakaa dakika chache vikavaa koti la ute, ni hadithi hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo haidrojeli: wavu uliojaa maji. Nyuzi za wavu ni minyororo mirefu ya sukari, ambayo wanakemia wanaiita polisakaridi. Minyororo inashikana kwa mafundo, na maji yananaswa katikati. Jeli nyengine zina maji zaidi ya sehemu 90 kwa 100, na bado unaweza kuzikata kwa kisu.

Polisakaridi ziko kila mahali. Wanga wa uji na kanji ya kunyooshea kanzu ni polisakaridi. Kanzu yenyewe, ikiwa ni ya pamba, ni selulosi, nayo ni polisakaridi. Cha ajabu ni kwamba wanga na selulosi zimejengwa kwa sukari ile ile moja, glukosi, ila pete zimeungwa kwa njia tofauti. Moja unaila, moja unaivaa. Maganda ya kamba na kaa yana kitini, ambayo Mfaransa Braconnot aliiona kwanza kwenye uyoga mwaka 1811. Mwani wa rangi ya kahawia una alginati, aliyoitoa Stanford miaka ya 1880. Na ndani ya mwili wako, kwenye viungo, machoni, na katika ngozi yenyewe, iko asidi ya hayaluroni, iliyopatikana mwaka 1934 kutoka kwenye jicho la ng'ombe.

Na wenzetu wa Kwale, kina mama wa Kibuyuni na vijiji vya jirani, wanalima mwani ndani ya bahari kama walivyofanya kina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar tangu mwaka 1989. Mwani huo wa spinosamu na kotoni unatoa karajinani. Wa spinosamu unafanya jeli laini inayovutika. Wa kotoni jeli ngumu inayokatika, na zaidi ukitiwa chumvi ya potasiamu. Tunaukausha, tunauuza nje kwa kilo, kisha unaturudia ndani ya aiskrimu na dawa ya meno kwa bei nyengine kabisa. Hilo ni la siku nyengine, mwenyekiti ananitazama.

Kwa nini jeli hizi ziwafae watu wa plasta? La kwanza, maji. Lile tabaka la juu la ngozi likilowa kwa saa kadhaa linavimba, chokaa yake inalegea, na dawa nyingi zinapata nafasi. Maji ndiyo msaidizi wa kale kuliko wote. Jeli inakaa juu ya ngozi ikiilowesha pole pole, haichomi, haina mafuta ya kuharibu nguo, na ukitaka unaiosha. La pili, wavu. Ukijua ukubwa wa matundu ya wavu, unajua samaki gani watatoka upesi na gani watachelewa. Mafundo yakiwa mengi, dawa inatoka taratibu; yakiwa machache, inatoka haraka.

Tatizo ni kwamba polisakaridi kama alivyoiumba Mola ina kazi yake, na kazi hiyo si kubeba dawa ya presha. Alginati inashikwa na kalsiamu; ikikutana na jasho au maji ya kidonda, sodiamu inaingia, kalsiamu inatoka, na mafundo yanafunguka. Kwa kidonda ni jambo zuri, na bandeji za alginati zinatumika hospitalini kwa sababu hiyo hiyo: zinageuka jeli juu ya kidonda, zikatoka bila kuchana nyama. Lakini kwa plasta ya kukaa siku nzima kwenye jua la Mombasa, itakuwa uji. Kitosani, inayotokana na kitini ya maganda ya kamba baada ya kupikwa na soda kali, inayeyuka kwenye asidi peke yake. Selulosi haiyeyuki kabisa. Kanzu ukiifua inarudi kanzu, na tushukuru. Na zote zinapenda maji, wakati dawa nyingi hazitaki maji. Dawa ya mafuta ndani ya jeli ya maji hujitenga kama samli kwenye mchuzi uliopoa.

Basi wanakemia wanazifanyia marekebisho. Mnyororo ule mrefu una vishikizo pembeni, na kwenye kila kishikizo unaweza kutundika kitu. Ukitundika vikundi vya kaboksimethili kwenye selulosi, kitu kile kile cha kanzu kinayeyuka majini kikawa kizito kama asali. Hicho kimo ndani ya dawa ya meno na matone ya macho. Ukitundika vikundi vya methili kwenye kitosani hadi naitrojeni yake ibaki na chaji daima, inayeyuka bila kuhitaji asidi. Na chaji hiyo ni chanya, ngozi yetu juu yake ina chaji hasi, kwa hiyo vinavutana na jeli inashika vizuri. Ukitundika mikia ya mafuta, ndani ya wavu vinapatikana vijumba vidogo ambamo dawa isiyopenda maji itakaa kwa raha. Ukitundika vikundi vya methakrili kwenye asidi ya hayaluroni kisha ukaimulikia mwanga, mafundo yanafungika kwa kudumu, jeli haimumunyuki tena.

Mfano ulioko madukani. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha jeli ya daiklofenaki iliyokaa ndani ya asidi ya hayaluroni, kwa mabaka ya ngozi yaliyoharibiwa na jua. Na ile plasta ya lidokaini ya asilimia 5, iliyoidhinishwa mwaka 1999 kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, ni kitambaa kilichopakwa jeli ya maji, na ndani yake mna ile selulosi ya kaboksimethili niliyoitaja. Plasta moja ina miligramu 700 za dawa. Katika saa 12, inayoingia mwilini ni kama sehemu 3 tu kwa 100! Maana yake nini? Plasta mliyoitupa kwenye jaa bado imejaa dawa. Mtoto akiiokota akaitia mdomoni, ni sumu. Ikunjeni gundi kwa gundi, muiweke mbali na watoto na paka. Ya fentanili ndiyo msiitanie hata kidogo: usiikate, usiipashe moto, usiiweke chini ya chupa ya maji moto. Joto linaharakisha dawa, na pumzi ya mtu inaweza kusimama.

Hiyo hiyo plasta ya lidokaini ina jelatini pia, ambayo si polisakaridi, ni protini inayotoka kwa wanyama, ng'ombe au nguruwe. Nimeulizwa hapo mlangoni kabla sijaanza: je, mtu akiswali nayo? Hilo nawaachia masheikh. Langu mimi ni kukwambia una haki ya kumuuliza mfamasia wako jelatini hiyo imetoka wapi, na yeye ana wajibu wa kumuuliza aliyemuuzia. Usibandue dawa kwa shaka kabla hujauliza. Na hapa ndipo jeli za mwani zinaponipa matumaini mimi binafsi, kwa kuwa zinaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo na swali lenyewe likaondoka.

Je, jeli peke yake itapitisha insulini? Hapana, ukuta ni ukuta. Njia inayotafutwa sasa ni vijisindano vidogo vidogo, vifupi kuliko milimita moja, vimepangwa kwenye plasta kama msasa. Vinatoboa mawe na chokaa lakini havifiki sana kwenye mishipa ya maumivu. Wazo ni la zamani, hati yake ilisajiliwa Marekani mwaka 1976, lakini teknolojia ya kuvitengeneza ikaja kuonyeshwa mwaka 1998 huko Georgia Tech. Sasa vinafanywa vya aina nyengine, vikavu na vigumu vikiingia, kisha vinakunywa maji ya ngozi na kuvimba. Singapore mwaka 2017 walitumia ile hayaluroni ya methakrili kufyonza maji ya ngozi ili yapimwe bila kutoa damu. Na Afrika yetu hatukuachwa nyuma: Gambia walijaribu plasta ya vijisindano vinavyoyeyuka kwa chanjo ya surua na rubela, hadi kwa watoto wa miezi 9, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalikuwa ya kutia moyo. Fikiria chanjo inayobandikwa mkononi dakika 5, bila sindano, huko Tana River ambako gari halifiki mvua zikinyesha.

Kijana mmoja amenipa karatasi hapa: "Mwalimu, mtu wetu akasome nini?" Kemia, mwanangu, na baiolojia. Na mwani uko Kwale, maganda ya kamba yanatupwa kila siku. Sisemi itakuwa rahisi. Kutoa karajinani safi ya kiwango cha dawa si kama kupika faluda. Kuna metali nzito za kupima, kuna vijidudu, kuna kila fungu kufanana na lililopita. Mwani wa msimu huu na wa msimu ule si sawa, na mashine ya kiwanda haijui msimu. Lakini kazi hiyo inafanywa na watu, na watu walisoma.

Nimalizie kwa mama mkubwa, kwa sababu najua mtauliza. Plasta yake ilikuwa ya gundi ya kawaida, si ya jeli, lakini kanuni ni moja. Ukitazama, saa alizokuwa akibandika usiku hazikuwa mbali sana na zile za mchana. Na nitrogliserini kweli inahitaji mapumziko ya saa 10 hadi 12 kila siku, manake mwili ukiizoea haifanyi kazi tena. Kosa lilikuwa kwamba mapumziko yake aliyaweka mchana, wakati ambao moyo wake unafanya kazi, na plasta yenyewe ilikuwa imeshatumika. Tulirudi kwa daktari, tukamweleza kuwa anataka kufunga. Daktari akampima, akamwambia hali yake inaruhusu kwa sharti, akampangia: bandika mpya baada ya daku, bandua magharibi, ngazi mara moja kwa siku, kikapu abebe mtoto. Kifua kikibana, afungue hapo hapo na apigiwe simu mtu.

Mwaka huu amefunga zote hadi leo. Jana alinipigia simu kuniuliza kama plasta ikilowa kwenye udhu inabanduka. Nikamwambia haibanduki, ila asiisugue.

Naona muadhini ameshika saa. Maswali yaliyobaki tuyafanye baada ya tarawehe, nitakuwa pale kwenye viatu. Assalaam alaykum warahmatullah.